Laptopu ya Ukoo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja kutoka Kibiti: laptopu gani nzuri kwa mtoto anayekwenda chuo? Naulizwa mimi kwa sababu nipo Dar na kazi yangu ni uandishi wa habari, kwa hiyo eti mashine nazijua. Huwa najibu kwa vipimo. RAM isipungue gigabaiti 8, diski iwe SSD, betri iwe inakaa. Majibu ni sahihi, lakini hayajawahi kumaliza mjadala hata siku moja, maana chini ya swali hilo kuna jingine ambalo watu hawalitaji: kitu kilichonunuliwa na watu thelathini kwa ajili ya mtu mmoja ni cha nani? Nani akichague, na nani ana haki ya kukiuza?

Jina rasmi la kifaa hiki ni kompyuta mpakato, kutokana na kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Sijui kama waliobuni istilahi hiyo walifika mbali hivi, lakini kwetu anayempakata mtoto si lazima awe mama yake. Mtoto hupitishwa paja hadi paja, na kila paja lina la kusema kuhusu malezi yake.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anatoka katika kisiwa kimoja cha delta ya Rufiji, ng'ambo ya Nyamisati. Asiyepajua afikirie mto mkubwa unaokaribia bahari kisha unagawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote nchini. Safari ni boti, na boti hungoja maji yajae. Watu wanaishi kwa kambamiti, mpunga na nazi. Huku bara, Kibiti yenyewe, kuna korosho na ufuta. Mwaka 2023 binti huyo alipata nafasi chuo kikuu Dodoma kusomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. Kundi la WhatsApp la ukoo likafunguliwa mchango. Kuna aliyetoa elfu tano ya kambamiti, kuna aliyetoa elfu hamsini ya ufuta, na sisi wa mshahara tukatoa tulichotoa. Zikafika shilingi 620,000.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa sasa, alitaka mashine mpya, ya kwenye boksi. Hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo: binti wa kwanza wa ukoo kwenda chuo kikuu, tumpe mtumba? Kwa pesa ile, mpya tuliyoipata dukani ilikuwa na RAM gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hubadilishi wala huongezi. Ukishaweka Windows na programu mbili tatu, chumba kimejaa. Pembeni, Kariakoo, kulikuwa na mashine za ofisini zilizotumika, zile zinazokuja kwa kontena. Moja ilikuwa na prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM gigabaiti 8 na SSD ya gigabaiti 256, na iliuzwa 480,000. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye mfuniko, na herufi A ilikuwa imefutika. Kizazi cha 8 kilikuwa na maana yake: Microsoft walishatangaza kwamba Windows 10 itaachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haizikubali prosesa za Intel za kabla ya hapo.

Shangazi akauliza kwenye kundi, bila utani: "Sasa hiyo yenye mkwaruzo tutaipigaje picha?"

Nimelifikiria sana swali lile la shangazi, maana linasema ukweli ambao sisi wengine tulikuwa tunauzungushia maneno. Mkwaruzo huonekana na waliotoa. RAM huonekana na atakayeitumia peke yake, saa sita usiku, akiwa na kazi ya kukabidhi asubuhi. Mchango wowote una hadhira mbili za namna hiyo, na mara nyingi anayechagua anachagulia hadhira isiyo sahihi. Ndiyo maana harusi zetu zina keki ndefu na maharusi wana deni la kodi ya nyumba.

Nilipendekeza aulizwe mwenyewe. Wengine waliona ni utovu wa adabu, mtoto achague pesa za wakubwa! Aliulizwa hata hivyo, na alikuwa na swali moja tu: "Mjomba, ikiharibika inafunguka?" Baba yake ana boti ya mashine. Kule visiwani kitu kisichofunguka kikifa kimekufa, kwa sababu fundi yupo lakini kiwanda hakipo. Akaongeza la umeme. Sola ya nyumbani kwao ni ile ndogo ya taa na simu, ya volti 12, wakati laptopu inataka karibu volti 20. Kwa hiyo likizo angechajia kwenye kibanda cha jirani mwenye betri kubwa na kigeuza umeme, kwa kulipia. Alitaka mashine ambayo betri yake ikichoka inaweza kubadilishwa. Hakuna mkubwa hata mmoja kati yetu, mimi nikiwemo, aliyekuwa amewaza sola. Tukanunua yenye mkwaruzo. Ilivuka kwenda kuonyeshwa kwa bibi ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, isipate maji ya chumvi, kisha ikarudi na mwenyewe hadi Dodoma.

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa fupi na tamu: mwachie mtumiaji achague. Lakini Aprili 2024 mvua za El Niño ziliujaza Rufiji. Mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba nchi nzima watu 155 walikuwa wamekufa. Mimi nilikuwa mezani nahariri habari hizo hizo, nasahihisha nukta na mkato katika sentensi zinazotaja kwetu. Mpunga wa dada yangu ulikuwa unakaribia kuvunwa. Wote ulikwenda.

Mpwa wangu aliuza laptopu kwa shilingi 350,000 na kumtumia mama yake 330,000. Hakumwambia mtu. Tulijua wiki tatu baadaye, baada ya shangazi kumpigia simu ya video akamkuta anaandika kazi ya chuo kwenye simu ya mwenzake.

Kundi liliwaka moto. "Tulichangia laptopu, hatukuchangia mchele." Mwingine akauliza si ana bumu huyu? Kweli, Bodi ya Mikopo ilikuwa inatoa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Ila bumu la muhula lilikuwa limeshakwenda njia hiyo hiyo ya nyumbani, kidogo kidogo, tangu Februari.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake kuhusu wasomi, na wengi wenu mnaukumbuka. Alisema msomi katika nchi maskini ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake chakula. Akila halafu asirudi, huyo ni msaliti. Hakuwa anatania. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha mamia yao makwao. Mfano huo umelea vizazi viwili vya Watanzania, na baba mkubwa aliutumia kwenye kundi karibu neno kwa neno, bila kumtaja aliyeutunga.

Shida ni kwamba mfano unamjua mtu wa aina mbili tu, anayekwenda na kurudi na chakula, na anayekula akapotelea huko. Haumjui aliyefika nusu ya njia, akasikia kijiji kimeingia maji, akageuka na furushi lake kurudi kuwapa wenyewe. Huyo tumwite nani?

Baba mkubwa alikuwa na jibu, na nakiri ni hoja niliyohangaika nayo kuliko zote. Alisema: sisi tulikubali kula kidogo ili yeye asirudi haraka. Akirudisha leo, kesho hakuna atakayetuletea chochote. Yaani huruma yake imeharibu njaa yetu. Uzito wa maneno hayo haukatikiki kwa urahisi. Wazazi maskini wote wanaosomesha wanaishi kwa hesabu hiyo, na mtoto anayevunja mpango kwa machozi anaweza kuwa ndiye anayewaumiza zaidi. Gharama ilionekana pia. Somo lake moja, lililokuwa na kazi nyingi za kompyuta, alipata sapu.

Lakini nikahesabu walalamikaji. Mmoja yupo Mbagala, wawili Kibiti mjini, mmoja Mkuranga, mmoja Tabata, ambaye ni mimi kabla sijanyamaza. Hakuna hata mmoja ambaye shamba lake lilikuwa chini ya maji. Tulitoa kutoka kwenye kilichobaki, kisha tukamtaka dada yangu, aliyekuwa amekaa juu ya magunia matupu, ashikilie mpango kwa niaba yetu. Ni halali mtu kuvumilia njaa yake kwa ajili ya kesho. Kuamua kwamba mwingine avumilie ya kwake, ukiwa umeshiba, hilo ni jambo jingine, hata kama mpango ni mzuri. Kati ya wote waliohusika, aliyekuwa anaijua bei halisi ya pande zote mbili, ya laptopu chuoni na ya unga kisiwani, alikuwa binti wa miaka 20.

Chinua Achebe aliliona jambo hili mapema. Katika *No Longer at Ease*, riwaya ya mwaka 1960 ambayo kwa Kiswahili ilitoka kama *Hamkani si Shwari Tena*, watu wa Umuofia wanajitoza fedha kumpeleka Obi Okonkwo Uingereza. Wanataka asome sheria, ili siku moja awasaidie kesi zao za ardhi. Yeye anasoma Kiingereza. Wanakasirika, ingawa hawamtupi, lakini pauni 800 zile ni mkopo na anatakiwa azirudishe. Wengi husoma riwaya ile kama hadithi ya rushwa. Mimi huisoma kama hadithi ya watu waliokosa kuamua kama walichotoa ni zawadi, mkopo au hisa. Obi analipa kama mkopo, anasimangwa kama aliyepewa zawadi, na anatazamiwa faida kama hisa. Mtu mmoja hawezi kudaiwa kwa vitabu vitatu.

Sisi pia tulimfungulia mpwa wangu vitabu vitatu. Tulisema "zawadi", tukapiga picha kama wanahisa, na ilipouzwa tukadai kama benki.

Kuhusu ule usiri wa wiki tatu, simtetei, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwa upole wake wa kisiwani: "Mjomba, ningeuliza mngekataa." Ni kweli, tungekataa. Msimamo wangu ni huu: taarifa alipaswa kutoa, kwa sababu waliotoa jasho lao wana haki ya kujua limekwenda wapi. Ruhusa hakupaswa kuomba. Kitu unachohitaji ruhusa kukiuza hujapewa, umeazimwa. Na kama tulikusudia kuazima, ilikuwa lazima tuseme Oktoba, wakati bado ana uwezo wa kukataa.

Waliolipia zaidi ni wanaofuata. Mwaka 2025 kijana mwingine wa ukoo, kutoka kisiwa hicho hicho, amepata Chuo Kikuu Ardhi, upimaji. Huyu atahitaji programu za ramani na michoro, RAM gigabaiti 16 ikiwezekana, kwa hiyo mashine ya bei kidogo. Mchango umezubaa kwenye 390,000. Waliotoa elfu hamsini mwaka ule wametoa ishirini. Baba mkubwa anataka risiti iandikwe jina lake na kijana asaini karatasi kwamba hatauza. Nilituma changu moja kwa moja kwenye simu ya kijana na kuandika kwenye kundi kwamba nimempa, akitaka kununua laptopu au nyavu. Shangazi aliweka alama ya kucheka. Baba mkubwa amesoma, hajajibu.

Wakati huo huo Kariakoo imejaa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa bei ya kutupa, kwa sababu Windows 10 imeachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na wauzaji wanataka zitoke kabla wanunuzi hawajaelewa. Jumamosi iliyopita kijana alikwenda kuangalia, akiongozana na mpwa wangu, ambaye alilifaulu lile somo la sapu na sasa yupo mwaka wa tatu. Muuzaji aliwasha mashine, akasifia kioo. Binti akaomba izimwe, akaigeuza mgongo juu, akatoa bisibisi kwenye pochi.