Rangi Mpya, Breki za Zamani

Mwaka 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 1600 SSS, na hadi leo gari hilo lina wapenzi wake. Mmoja wao, kijana wa Nairobi, alilikuta moja likioza nyuma ya nyumba ya watu. Akalinunua, akalivuta hadi uani kwake.

Kazi aliifanya kwa moyo. Alichomelea sakafu iliyoliwa na kutu, akashusha injini, akabadilisha ringi za pistoni, akasafisha kabureta zote mbili. Kisha akapuliza rangi: nyekundu, boneti nyeusi. Majirani wakaja kupiga picha. Breki alizifunga pedi mpya, akaongeza mafuta, akakanyaga pedali akaiona ngumu, basi.

Fundi mmoja mzee alimwambia, "Mwanangu, fungua masta silinda kwanza."

"Zinashika, mzee. Jumamosi nateremka Naivasha."

Na kweli, mtaani zilishika. Mtaani huwa zinashika. Lakini mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na gari likikaa miaka, maji hayo huzitia silinda kutu huku raba zikikakamaa. Kuongeza mafuta mapya juu hakuyaondoi ya zamani yaliyolala kwenye mabomba. Mteremkoni breki zikishika moto, maji huchemka yakawa mvuke. Mvuke nao hubonyea, nguvu ya mguu isiyafikie magurudumu.

Yalimkuta kwenye mteremko wa Mai Mahiu, njiani kwenda Naivasha. Pedali ililegea, halafu ikazama hadi sakafuni. Kushoto kwake bonde. Ukuta wa mlima uko kulia, ng'ambo ya barabara. Akarudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga kelele. Akakata njia ya malori yanayopanda, akalikwaruza gari ubavu mzima mwambani mpaka likasimama. Mungu ashukuriwe, dakika ile hapakuwa na lori.

Masta silinda ilipofunguliwa, mafuta yalitoka meusi kama kahawa. Raba ikamvunjikia vidoleni, na ndani mwa silinda kulikuwa na vishimo ambavyo ukucha ulinasa.

Wewe unayefufua gari la zamani nyumbani, anzia hapo. Badilisha raba zote, mipira ya breki na silinda za magurudumu. Toa mafuta yote, na uyabadilishe tena kila baada ya miaka miwili. Silinda yenye vishimo usiirudishe hata ukiisugua ikang'aa. Rangi ipulizwe mwisho.