Pangani na Mali Ipitayo

Imekuwa ada miongoni mwetu kuupima mji kwa wingi wa vitu vipitavyo ndani yake, yaani magari, shehena na wageni, na kwa kipimo hicho mji wa Pangani, ulioko kilomita zipatazo 50 kusini ya Tanga, umekwisha kuhukumiwa na wengi kuwa ni mji uliolala. Hukumu hiyo mimi siikubali. Wala si kwa mahaba peke yake, ingawa mahaba ninayo, bali kwa kuwa tarikhi ya mji wenyewe yatufunza kwamba zama zile mali ilipopita Pangani kwa wingi ndizo zama ambazo walio wengi katika watu wake waliambulia kidogo.

Mji huu umekaa ukingo wa kaskazini wa mto, pale maji yaliyoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru yanapoingia katika Bahari ya Hindi, na ng'ambo ya pili, chini ya vilima, pana Bweni, ambako mtu hafiki ila kwa chombo. Na ndiyo sababu wanafunzi, wagonjwa, wachuuzi na wenye baiskeli zao wamezoea kuipanga siku yao kwa kufuata saa za pantoni. Nyuma ya mji imesimama minazi, na katikati yake yangaliko majumba ya mawe, Boma lenye milango ya nakshi, na mtaa wa maduka ya kale ya Wahindi ambayo baraza zake zimechakaa bila ya kupoteza haiba.

Katika karne ya 19 misafara ya bara iliteremkia hapa na pembe za ndovu, na pamoja na pembe wakateremshwa binadamu, wengine wakavushwa bahari, wengine wakafungwa kazi katika mashamba ya miwa yaliyoufuata mto, ili sukari ipatikane na faida iende kwa wachache. Mwezi wa Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Unguja, mkataba ambao wenyeji hawakuulizwa, ghadhabu ilizuka Pangani ikaenea pwani nzima, na Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba lake katika nchi hiyo, akaongoza vita mpaka alipokamatwa na kunyongwa papa hapa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Haikupita miaka mingi, mnamo 1893, Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini ya mlango wa mto, na katika kizazi cha miche hiyo yakatoka mashamba makubwa ya Tanga. Nao mkonge ukatajirisha wenyewe, kisha kamba za nailoni zikauangusha bei, na kibarua aliyeukata akabaki na makovu ya miiba yake.

Pembe, watumwa, sukari na mkonge: kila moja ilikuja kwa kishindo, na kila moja iliondoka na wenyewe. Kilichobaki ni kile ambacho hakikuhitaji tajiri wa mbali, nacho ni nazi na samaki. Mkwezi hupanda, wengine hufua, makumbi hayatupwi. Na wavuvi warudipo alfajiri na dagaa, wanawake huwachemsha kwa maji ya chumvi na kuwaanika, na senti ya biashara hiyo, hata ikiwa haba, hulala mjini.

Walakini kibakiacho nacho chaweza kupotea kikitumiwa kama kipitacho. Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975 na kilichokuwa maarufu kwa kasa wanaopanda kutaga, kilikuwa na miti. Miti ikatoweka, mawimbi yakaula mchanga, na leo bamvua la maji makuu hukifunika chote, hata mayai ya kasa hulazimika kuhamishiwa ufuko wa Ushongo ili yasizame. Aidha maji ya mto yakipungua kwa kutumiwa sana huko juu, chumvi ya bahari hupanda na kuyadhuru mashamba ya kandokando.

Sasa yaja barabara ya lami ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja la kuvuka mto, na mimi naipokea kwa furaha, kwa kuwa mgonjwa wa Bweni hana sababu ya kungoja chombo usiku wa manane. Lakini barabara ni njia ya kuingia na ya kutoka, na wageni watakaofuata fuko nyeupe na wanyama wa Saadani watafuatwa na wanunuzi wa viwanja. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na usia huo unawahusu zaidi wenye kalamu ya kuidhinisha. Basi kila mara waletewapo hati, iwe ya hoteli, ya shamba au ya kiwanda, na waulize kabla ya kutia saini: huyu atakapoondoka, Pangani itabakiwa na nini?