Kujisahau na Kusahauliwa

Ukifuata Ngong Road kutoka mjini hadi Dagoretti Corner, Japani haikuachi. Sehemu ya barabara hiyo ilipanuliwa kwa msaada wa serikali ya Japani, na kando yake yadi za magari zimepanga Toyota na Mazda zilizovuka bahari zikiwa na maandishi ya Kijapani ambayo bado hayajabanduliwa kwenye vioo. Mwenyeji wa Nairobi huamini kitu cha Japani kabla hajakigusa. Basi haishangazi kwamba miongoni mwa wavuvi wa starehe wa jiji hili, wale wanaoamka Jumamosi alfajiri kufuata samaki aina ya trauti kwenye vijito vya milima ya Nyandarua, wapo wanaojinyima miezi kadhaa ili wanunue ufito mmoja mwepesi kutoka huko.

Ufito huo ni kitu cha ajabu mkononi. Kampuni ya Toray ilianza kuuza nyuzi za kaboni mwaka 1971, na kabla ndege kubwa hazijazikubali, watengenezaji wa fito za kuvulia na wa vijiti vya gofu walikuwa wamekwisha kuzipokea. Karatasi nyembamba za nyuzi hizo, zikiwa zimeloa gundi, huviringishwa kwenye mhimili wa chuma, hukazwa, huokwa katika tanuri, kisha mhimili huchomolewa na kuacha bomba lenye ukuta mwembamba sana. Ustadi uko katika kupunguza. Gundi ipungue, rangi ipungue, kaboni iwe ngumu zaidi ili itoshe kidogo. Mfano mzuri ni fito za aji, samaki mdogo wa jamii ya kolekole ambaye Wajapani humvua usiku chini ya taa za bandari kwa chambo cha gramu moja au chini yake. Fito hizo zina urefu wa kimo cha mtu, na nyingine hazizidi sana uzito wa yai la kuku. Bei huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya yeni, na kwa kuwa yeni na shilingi ya Kenya zinakaribiana thamani, msomaji hahitaji kikokotoo.

Wapo wanaoona hapa israfu tupu. Samaki wa nusu kilo angevuliwa kwa mwanzi na mshipi wa duka la jumla. Ni kweli, angevuliwa. Lakini mwenye ufito mwepesi hatafuti samaki zaidi. Samaki akionja chambo na kukitema, ufito mzito haumwambii mvuvi lolote. Mwepesi hupeleka mguso huo hadi kwenye ncha ya kidole, kama daktari anavyousikia mshipa wa mgonjwa. Anayetumia fedha zake kujifunza kusikia kitu kidogo hivyo, chini ya maji, gizani, hastahili kuchekwa. Amechagua kuwa makini, na umakini ni adimu siku hizi.

Swali zito liko kwenye ncha ya pili ya mshipi.

Huko huning'inia nzi: ndoana ndogo iliyovikwa uzi na manyoya ili ifanane na mdudu wa majini. Wajapani wana uvuvi wa milimani uitwao tenkara, ambao vifaa vyake ni ufito, mshipi na nzi mmoja, basi, hakuna hata gurudumu la kukunjia mshipi. Unafaa sana vijito vyembamba vyenye miti iliyoinama, kama Gatamaiyu, upande wa kusini wa Nyandarua. Ufito utakuwa umetoka Japani. Nzi huenda akawa ametoka karibu zaidi, kwa sababu Kenya ni mojawapo ya nchi zinazowafungia wavuvi wa dunia nzi wao. Kazi hiyo ilianza enzi za ukoloni, walowezi walipowafundisha Waafrika kufunga nzi kwa ajili ya mito ya hapa, na leo nzi waliofungwa Kenya wanauzwa katika maduka ya Uingereza na Marekani. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake hapa. Mikono mingi ya kazi hiyo inaishi magharibi mwa Nairobi, upande wa Kawangware, Riruta na Dagoretti.

Ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo la chuma mezani. Uzi huzungushwa kutoka kwenye jicho la ndoana hadi inapoanza kupinda. Unyoya wa shingo ya jogoo hushikwa kwa kikoleo, huzungushwa mara mbili tatu hadi nyuzi zake zisimame kama miguu ya mdudu anayetaka kuruka, kisha fundo la mwisho hukazwa kichwani na kufunikwa kwa tone la vanishi. Nzi wa pili lazima alingane na wa kwanza, na wa mia alingane nao wote. Mzunguko mmoja ukizidi, kichwa kinanenepa na nzi anakataliwa. Malipo huhesabiwa kwa dazeni. Wafungaji wengi, wanawake kwa wanaume, hawajawahi kumvua trauti hata mmoja. Na baadhi yao wametoka katika jamii ambazo samaki hakuwa chakula: Wakikuyu wa zamani, ambao vijito vyenyewe vinatiririka katika nchi yao, hawakumla.

Hata trauti ni mgeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyepata sifa kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Kairo, aliingiza trauti wa kahawia kutoka Scotland katika mto Gura wa Nyandarua. Jina la Grogan lingali mjini. Kirinyaga Road iliitwa Grogan Road, na kibao kilipobadilishwa midomo haikubadilika. Dereva anayetafuta fundi wa bodi kule chini karibu na Mto Nairobi bado huambiwa aende Grogan. Ni Grogan huyohuyo ambaye Machi 1907 aliwachapa viboko Waafrika watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Trauti wale hawakupanda mlima wenyewe, wala mwaka 1905 hapakuwa na lori la kuwapandisha. Waliowabeba hawana barabara yenye jina lao, hawana hata kichochoro.

Majina ya nzi nayo yana tabia hiyohiyo. Mwaka 1854 William Greenwell, kasisi wa Durham, alikuwa akivua katika mto Tweed. Akamwona mdudu ambaye trauti walimpenda, akampelekea mfungaji aitwaye James Wright amtengenezee mfano wake. Nzi yule amefungwa tangu wakati huo kwa jina la Greenwell's Glory, utukufu wa Greenwell. Mwaka 1922, katika jimbo la Michigan, Leonard Halladay alifunga nzi wa kijivu. Rafiki yake, wakili Charles Adams, akaenda kumjaribu mtoni na kurudi akimsifu. Nzi huyo anaitwa Adams, na hakuna sanduku la mvuvi wa trauti asimokuwamo. Mara zote mbili jina lilimfuata aliyevua, likampita aliyefunga.

Je, kuna ubaya? Methali za Kiswahili zinabishana juu ya hili. Moja husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, maana yake jina likianza kutajwa, kazi huanza kuoza. Nyingine hujibu kwamba chanda chema huvikwa pete. Wazee waliziacha zote mbili bila kuamua kesi, na pengine walijua kwa nini.

Upande wa mgema una wakili mkubwa, naye ni Mjapani. Yanagi Soetsu, aliyezaliwa mwaka 1889, alizunguka Japani na Korea akikusanya mabakuli, vikapu na vitambaa vya watu wa kawaida. Mwaka 1925 yeye na marafiki zake waliviita mingei, sanaa ya umma, na mwaka 1936 walivifungulia makumbusho Tokyo. Hoja yake ilikuwa ya kidini kuliko ilivyoonekana. Yanagi aliathiriwa sana na Ubuddha wa madhehebu ya Shin, yanayofundisha kwamba mtu haokolewi na nguvu zake mwenyewe, anaokolewa na nguvu inayotoka nje yake. Akalipeleka fundisho hilo karakanani. Fundi anayerudia umbo lilelile mara elfu, kwa bei nafuu, bila kutia sahihi, huachana na nafsi yake. Mkono unaenda wenyewe, na uzuri unakuja bila kuitwa. Kwa Yanagi, bakuli lisilo na jina lilikuwa zuri kwa sababu hiyo hasa.

Aliyewahi kumtazama mfungaji wa nzi akimaliza dazeni yake ya mwisho ya siku hatapinga kwa urahisi. Macho yako kwenye ndoana, mdomo unaongea na jirani, vidole vinajua. Utulivu ule haununuliwi. Ukiweka ufito wa bei ghali na nzi wa Kawangware mbele ya Yanagi, bila shaka angemchukua nzi: ufito una nembo na cheo cha toleo lake, nzi hana pa kuandika chochote.

Hata hivyo Biblia, ambayo wengi magharibi mwa Nairobi huibeba kwapani kila Jumapili, ina habari tofauti. Katika Kutoka, sura ya 31, kazi ya hema la kukutania inapogawiwa, Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita fundi kwa jina lake: Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila la Yuda. Anamtaja na msaidizi wake pia, Oholiabu, wa kabila la Dani. Na roho ya Mungu inayomjaza Bezaleli inampa ustadi wa kuchonga mbao, kukata vito, kufua dhahabu na shaba. Mtu wa patasi anatajwa pamoja na baba yake na babu yake, kama watajwavyo wafalme. Wanatheolojia huipita haraka sura hiyo kwa sababu imezungukwa na vipimo na vyombo. Wafungaji wa nzi wangekaa hapo zaidi.

Japani nayo haikuwa na sauti moja. Tangu karne ya 18 mafundi wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, wamekuwa wakitengeneza fito za mianzi zilizopigwa lakari, na fundi huchoma muhuri wake kwenye ufito kwa chuma cha moto. Nyumba ya Tosaku, maarufu kuliko zote, bado inatajwa. Muhuri huo haukuwa majivuno peke yake. Ulimfanya mteja ajue pa kurudi ufito ukivunjika, na ulimfanya fundi aweze kudai bei.

Hapo ndipo hoja ya Yanagi inapoyumba, na aliyeiyumbisha ni rafiki yake mwenyewe. Hamada Shoji, mfinyanzi wa Mashiko aliyekuwa pamoja naye mwaka 1925, alifika wakati akaacha kutia alama kwenye vyungu vyake. Lakini mwaka 1955 serikali ilimtangaza kuwa hazina hai ya taifa. Kila aliyeshika chungu chake alijua kimetoka kwa nani. Hamada alikuwa na jina la kuliweka chini, akaliweka chini kwa hiari yake. Alijisahau. Mfungaji wa Riruta hakuulizwa, yeye amesahauliwa. Kiswahili kinatenga mambo haya mawili kwa viambishi tu, na katikati ya viambishi hivyo liko jambo zima. Kujisahau hufanywa na mwenyewe, na dini karibu zote hukuita fadhila. Kusahauliwa hufanywa na wengine. Anayemtazama aliyesahauliwa na kuusifu unyenyekevu wake anampa sifa ya sadaka ambayo hakuitoa, kwa kuwa ilichukuliwa kabla hajaishika.

Mfungaji mwenyewe angeweza kusema kwamba jina halilipi karo. Ana haki ya kusema hivyo, na anayeandika kuhusu roho za mafundi asimkwepe. Lakini muhuri wa Tosaku unaonyesha kwamba jina na bei hutembea pamoja. Asiye na jina hulipwa kwa dazeni kwa sababu, machoni pa mnunuzi, anaweza kubadilishwa na yeyote. Na pana hasara nyingine isiyohesabika kwa shilingi: hajawahi kumwona trauti akipanda kutoka chini ya jiwe na kumchukua nzi wake. Bezaleli aliliona hema likisimama.

Wajapani wana ibada iitwayo hari-kuyo. Tarehe 8 Februari, katika sehemu nyingine tarehe 8 Desemba, washonaji huenda hekaluni na sindano zao zilizovunjika na kuzichoma kwenye kipande laini cha tofu, ili zipumzike mahali pororo baada ya kupenya vitambaa vigumu mwaka mzima. Sindano haina jina. Lakini anayeipeleka ni yule aliyeshona nayo. Anaikumbuka kazi, na anaishukuru kwa mkono uleule ulioifanya.

Mvuvi wa Nairobi mwenye ufito wa Kijapani anajua umetoka kiwanda gani na una gramu ngapi. Umakini huo tayari anao. Hauhitaji kwenda mbali ili ufike upande wa pili. Vijiwe vya wafungaji viko mwendo wa matatu moja kutoka kituo cha Kencom mjini, na kutoka Riruta hadi Gatamaiyu ni safari ya asubuhi, kwenda na kurudi siku moja, gari likiwa na nafasi ya watu wanne. Mto hauchagui wa kusimama kando yake. Kibali cha kuvua hununuliwa, buti huazimwa.

Kwa sasa, njia ya nzi ni ndefu zaidi. Hufungwa Riruta, hutiwa katika boksi, hupaa hadi Uingereza, hupangwa dukani na kuuzwa kwa bei ya mmojammoja. Inawezekana kabisa mgeni akamnunua huko, akamrudisha Kenya ndani ya mzigo wake wa safari na kumfunga kwenye mshipi huko Gatamaiyu. Ufito unapinda, mshipi unapita hewani, tawi linaudaka. Mshipi unakatika. Jioni ufito unafutwa maji na kurudishwa katika mfuko wake wa kitambaa, na nzi anabaki juu ya maji, kwenye tawi la mti wa Nyandarua, kilomita zisizofika mia kutoka kwenye meza alikofungwa, fundo lake la mwisho likiwa bado limekaza.