Deni la Kuketi na Anayekufa

Swali la kama kumhudumia mtu asiye ndugu katika siku zake za mwisho ni zawadi au ni deni ni la kale, lakini mjini Kigali lina uzito wa pekee, kwa kuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaacha watu wengi bila mwana, mwenzi wala jamaa ambaye kwa desturi angekaa kando ya kitanda chao. Rwanda ilipopitisha mwaka 2011 sera ya taifa ya tiba shufaa, yaani tiba inayolenga kupunguza maumivu na mateso pale ambapo ugonjwa hauponyeki tena, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kulitungia jambo hilo sera yake yenyewe. Hata hivyo sera yaweza kumpangia mgonjwa dawa na muuguzi, haiwezi kumpangia mtu wa kuketi naye. Nafasi hiyo ndiyo anayoiingia mhudumu wa kujitolea wa hospisi, mahali au mpango wa kuwatunza walio karibu kufa, mara nyingi majumbani mwao.

Wengi huichukulia kazi yake kuwa sadaka, tendo ambalo angeweza kuliacha bila kulaumiwa na mtu. Mtazamo huo una kasoro kubwa, kwani humfanya anayekufa kuwa mpokea hisani anayepaswa kushukuru hata anapokosa nguvu ya kushukuru na, kibaya zaidi, humgeuza kuwa ngazi ya mwenziwe kujipatia thawabu. Fikihi ya Kiislamu, inayofundishwa pia katika misikiti ya Nyamirambo, mtaa wa Kigali, ina dhana inayofaa zaidi: fardhi kifaya, wajibu wa jamii nzima ambao wakiutekeleza baadhi huwaondokea wengine, na usipotekelezwa na yeyote wote hupata dhambi. Kumwosha, kumswalia na kumzika maiti ni wajibu wa namna hiyo, lakini kuhusu kumzuru mgonjwa wanazuoni wametofautiana, wengi wakisema ni sunna na wengine fardhi kifaya. Rai ya hao wachache inaelekea kuwa na nguvu zaidi, maana ni ajabu jamii idaiwe na maiti kuliko inavyodaiwa na yule ambaye bado anasikia.

Lakini deni la wote huwa rahisi kuwa deni lisilo la mtu, na hapa historia ya Rwanda inafundisha jambo ambalo vitabu vya maadili havikulitazamia. Wanafunzi walionusurika mauaji ya 1994, walipoanzisha chama cha AERG mwaka 1996 katika chuo kikuu cha Butare, waliunda familia zisizo za damu, wakachaguana kuwa baba, mama na watoto ingawa walikaribiana umri, na majina hayo yakawa na majukumu ya kweli, kuanzia ada na mitihani hadi harusi. Vivyo hivyo wazee waitwao incike, yaani waliopoteza watoto wao wote, wamejengewa makao ya Impinganzima, kwa mfano Huye na Bugesera, ambako hutunzwa kama wazazi. Udugu wa namna hii huanza kwa hiari, lakini hauendelei kwa hiari. Aliyekubali kuitwa mwana hawezi kuacha kuja Jumanne kwa sababu amechoka. Mhudumu wa hospisi yuko katika hali hiyohiyo, na uhuru wake unaishia mlangoni.

Wala kuketi hakutoshi. Nyumba ya Mama Teresa huko Kalighat, Kolkata, iliyofunguliwa mwaka 1952, ilikosolewa mwaka 1994 na Robin Fox, mhariri wa jarida la kitabibu The Lancet, kwa kukosa dawa kali za maumivu, na ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Rwanda imechukua njia nyingine kwa kutengeneza mofini ya maji nchini kutokana na unga ulioagizwa, na upole wa mhudumu una maana pale tu chupa hiyo inapokuwapo.

Ugumu mkubwa zaidi unahusu msamaha. Mahakama za Gacaca, mabaraza ya kijamii yaliyosikiliza kesi za mauaji ya 1994, zilifungwa rasmi mwaka 2012, lakini walionusurika na jamaa za waliohukumiwa wangali majirani, na makanisa kama ya Nyamata na Ntarama, ambako maelfu waliokimbilia waliuawa, leo ni makumbusho ya waliokufa humo. Kwa hiyo sala haiwezi kudhaniwa kuwa faraja kwa kila mtu, wala mhudumu hana mamlaka ya kumwomba anayekufa asamehe ili kifo chake kipendeze machoni pa walio hai. Mgonjwa akikataa kuguswa na mkono fulani kwa sababu ya ukoo wake, mwenye mkono huo anaweza kuona kwamba amedhulumiwa, hasa ikiwa mwaka 1994 alikuwa hajazaliwa. Lakini katika fardhi kifaya linalodaiwa ni tendo, si mtendaji, na anayemwita mwingine ashike nafasi yake naye amelipa.