Milimita 13

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi mafupi ambayo wenye magari wengi hatuyasomi mpaka siku ya kununua jingine: 195/65R15 91. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni ya inchi 15. Ile 91 ya mwisho haitajwi sana dukani, lakini ndiyo inayosema kwamba tairi hilo moja limeruhusiwa kubeba kilo 615. Saluni nyingi za mtumba zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani zinavaa saizi hiyo.

Sasa dukani 195 imekwisha. Ipo 205/65R15, ipo na 185/65R15, na muuzaji ana jibu moja kwa zote mbili: "Inaingia, bosi." Hasemi uongo. Rimu ni ileile, nati zitakaza, gari litaondoka. Ila kuingia si kufaa, na fundi mwaminifu anaijua tofauti hiyo hata pale mteja mwenye haraka asipotaka kuisikia.

Ukipiga hesabu, tairi la 195 lina kipenyo cha milimita 634.5. La 205 lina 647.5, la 185 lina 621.5. Yaani milimita 13 juu au milimita 13 chini, asilimia mbili na chembe kila upande. Kwa futi ya seremala hayo ni makosa mawili yaliyo sawa. Je, kwa dhamiri nayo ni sawa?

Lile kubwa kwanza. Likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini mshale wa spidi unahesabu mizunguko tu. Unaposoma 80 zaidi kuliko jana, unakwenda zaidi ya jana kwa kilomita moja na nusu hivi. Kuna Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inayohusu jambo hili, na mimi naipenda kwa jinsi inavyomjua binadamu. Inasema mshale usionyeshe kamwe spidi iliyo chini ya ile halisi. Juu yake unaruhusiwa: gari linalokwenda 80 linaweza kuonyesha hadi 92, lakini si 79. Uongo umehalalishwa, ila ule tu unaomfanya dereva apunguze mwendo. Tairi la 205 linakula sehemu ya akiba hiyo, na akiba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari peke yake. Iliwekwa pia kwa ajili ya mtoto anayevuka kwenda shule, ambaye hakuulizwa.

Hata hivyo sitamnyima mtu usingizi kwa asilimia mbili. Tairi jipya huwa na kashata za kina cha milimita nane hivi, na sheria za nchi nyingi zinataka litupwe likibaki na 1.6. Toa hapo, zidisha mara mbili kwa sababu ni kipenyo, unapata karibu milimita 13 zilezile. Kumbe tairi la kiwandani lenyewe, likitembea mpaka kuisha, linapita umbali huohuo tunaougombania. Anayesema saizi ya kiwandani ni nukta moja isiyosogea hajawahi kulitazama tairi likizeeka.

Na tukumbuke aliyebandika kile kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva alikuwa akifikiria lami ya Japani. Anayeishi mwisho wa barabara ya makorongo akachagua ubavu mrefu kidogo, baada ya kuhakikisha hausugui madigadi akikata kona, ametumia akili.

Lile dogo ndilo linalonitia wasiwasi, ingawa kwa mshale ndilo salama: linaonyesha spidi kubwa kuliko ya kweli. Tatizo ni mzigo. Matairi mengi ya 185/65R15 yameandikwa 88, yaani kilo 560. Zimepungua kilo 55 kwa kila tairi, 220 kwa manne. Hao ni watu wazima watatu, au magunia mawili ya mahindi na mfuko juu yake. Dashibodi haina mshale wa kitu hicho. Dereva akiwa peke yake kwenda kazini hataona tofauti mwaka mzima. Itajitokeza Desemba, gari limejaa ndugu wanaopanda Moshi, buti haifungi vizuri, lami ya saa saba mchana, na tairi linakunjuka na kupata joto kuliko lilivyokadiriwa. Waliokaa nyuma ndio wanaoikalia ile tofauti, na hawajui kama ipo.

(Wa kuweka 205 kushoto na 185 kulia kwenye ekseli moja, kwa kuwa "yote yanaingia," sina mjadala naye. Difu itafanya kazi ya kukata kona hata barabara ikiwa imenyooka.)

Kwa hiyo sioni dhambi katika kubadili saizi. Naiona katika ukimya unaofuata. Gari kwetu halina mtu mmoja: leo liko kwa mwenyewe, kesho kwa shemeji aliyeliazima kwa ajili ya msiba, keshokutwa limeuzwa. Shemeji atauliza kama kuna mafuta. Mnunuzi atasoma kilomita 100,000, kumbe kama limetembea kwa matairi ya 205 tangu mwanzo zimekaribia 102,000. Saizi mpya na namba ya mzigo zingechukua mstari mmoja tu kwenye karatasi ya mauziano, chini ya namba ya injini. Karatasi nilizoziona zina jina la shahidi, zina saini, zina muhuri wa wakili. Mstari huo hazina.