Yakini na Dhana katika Habari ya Nyota Nyekundu

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, huulizwa swali hili: yafaa mtu kushuhudia kuwapo kwa kitu asichokiona kwa jicho lake? Na ikiwa yafaa, ushahidi wake wapaswa kukomea wapi?

Maulamaa wetu wa Kishafi wamekubali ushahidi wa nasaba kwa habari iliyoenea, ingawa shahidi hakuwapo siku ya kuzaliwa mtu. Basi kutoona peke yake si hoja ya kukanusha. Nami napenda kutoa mfano katika ilmu ya falaki, kwani humo jambo hili limedhihiri zaidi.

Katika mbingu ya kusini iko nyota angavu iitwayo Rigil Kentaurus, na hilo Rigil ni neno la Kiarabu, rijl, yaani mguu. Jirani yake ipo nyota ndogo nyekundu, Proxima Centauri, isiyoonekana ila kwa darubini. Aliivumbua Robert Innes mwaka 1915 huko Johannesburg. Baada ya jua hapana nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo, na juu ya hayo nuru yake hutufikia baada ya miaka 4 na zaidi.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa nyota hiyo inazungukwa na sayari. Hapana aliyeiona sayari hiyo. Walichokiona ni nuru ya nyota yenyewe: mara yatujia, mara yatutoka, kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, na kila siku 11 na kitu hurejea mwanzo. Ni kama mtu aliye ufuoni usiku, bahari shwari, aonaye taa ya jahazi lililotia nanga ikiinama na kuinuka kwa kipimo kimoja. Hamwoni mtu, walakini ajua kuwa ndani yumo atembeaye. Mwaka 2020 wakapima tena kwa chombo bora zaidi, wakakuta yale yale. Habari ya namna hii yakurubia yakini.

Amma maji ni jambo jingine. Walisema kuwa sayari ile iko umbali ambao maji, yakiwapo, yaweza kubaki majimaji. Watu wakalidondosha lile neno “yakiwapo”, na mimi nilikuwa mmoja wao. Niliwaambia wanafunzi wangu kuwa huko yako maji. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, “Maalim, nani aliyeyaona?” Nikamkemea, nikamwambia hana adabu.

Usiku nikarejea kusoma. Nikakuta kuwa nyota ile hutoa milipuko mikali, na mwaka 2019 ulionekana mmoja mkubwa mno. Na sayari iko kilomita milioni 7 na nusu tu kutoka kwake, hata haijulikani kama ina hewa. Nikakuta pia kuwa mwaka huo huo darubini ya redio ya Parkes, Australia, ilinasa mlio kutoka upande ule. Habari ilipovuja mwaka 2020 wengi wakanena viumbe wenye akili, na mwaka 2021 ikabainika kuwa ni vyombo vya wanadamu wenyewe.

Asubuhi nikamsimamisha yule kijana mbele ya wenzake, nikamwambia, “Wewe ulisema kweli, nami nilikosa.” Akainama kwa haya. Kisha akauliza, “Basi nifute lipi katika daftari, Maalim?”

Nikamjibu, “Futa maji. Sayari iache.”