Mtego wa Bweha na Ruhusa ya Kuua

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wake na ahali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Watu wengi wa pwani leo wana safari za Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, ambako njia kuu itokayo Dar es Salaam yaingia Zambia. Wako madereva wa malori, wako wafanyi biashara, na wako waliokaa huko wakajenga na kufuga kuku na mbuzi. Na mwenye kufuga huko huamka asubuhi akahesabu mbuzi wake, akaona mwanambuzi mmoja hayuko, na nyayo zaelekea kichakani. Hapo husema: “Huyu ni bweha. Bweha ni mnyama wa mwitu, hana mwenyewe, na dini imehalalisha kuwinda. Ya nini niende kuomba cheti? Na nikitega usiku pasipo cheti, je, nina dhambi mbele ya Mungu, au ni kosa la faini tu?”

Swali hili laonekana dogo kwa kuwa bweha ni mnyama duni machoni petu. Lakini ndani yake mna swali kubwa: ruhusa ya kutoa roho ya kiumbe yatoka wapi?

Natuanze na kanuni ya nchi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, namba 5 ya mwaka 2009, yasema kwamba wanyama wa mwitu ni mali ya umma, na Rais amewekwa kuwa mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Haimruhusu mtu kuwinda ila kwa leseni. Tena imekataza njia nyingi za kuwinda: sumu, nyavu, mitego ya kunasa na mashimo, na kuwinda kwa mbwa. Lakini haikumfunga mtu mikono mnyama anapomrukia yeye au mifugo yake: hapo aweza kujitetea, kisha apeleke habari kwa wakuu, na mzoga na ngozi si vyake. Ng'ambo ya pili, huko Nakonde, ni nchi nyingine yenye sheria yake ya wanyamapori, namba 14 ya mwaka 2015. Bweha huvuka mpaka bila pasi. Mwindaji hana ruhusa hiyo, na cheti cha upande huu hakimfai upande wa pili.

Sasa wako watu wa namna mbili waliokosea, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza ni yule asemaye: “Hii ni kanuni ya serikali, si ya dini, asiponiona askari, sina neno.” Huyu na aifungue Sura ya Maida, atazame aya yake ya kwanza. Mwenyezi Mungu aanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza ahadi. Na katika aya iyo hiyo, kabla haijesha, ataja wanyama waliohalalishwa na windo lililokatazwa kwa aliyehirimia. Ahadi na windo vimewekwa pamoja. Na mtu akaaye katika nchi kwa amani, akalindiwa mali yake na kupita barabara zake, ana ahadi na watu wa nchi ile. Ni kweli kwamba mnyama wa mwitu ni mubaha. Lakini mubaha aweza kuwekewa mpaka kwa maslaha ya watu wote. Mtume (s.a.w.) aliihifadhi Naqii kwa malisho ya farasi, na Sayyidna Omar naye akaihifadhi Rabadha. Na katika haramu ya Madina windo limekatazwa hata leo. Basi fikra ya kumwekea mwindaji mpaka si ngeni kwetu, wala haikuja na Wazungu.

Wa pili ni yule asemaye: “Nina cheti mkononi, basi nina haki ya kuua nitakavyo.” Huyu amekosea zaidi, kwani ameidhania karatasi kuwa ndiyo ihalalishayo. Na aikumbuke habari ya mapatano ya London ya mwaka 1900, ambapo dola za Ulaya zilizotawala Afrika ziliandika orodha ya wanyama wabaya wanaopasa kupunguzwa: simba, chui, fisi, mbwa mwitu na wengineo. Leo simba huyo huyo na mbwa mwitu huyo huyo walindwa kwa sheria na kwa gharama kubwa. Je, mnyama amebadilika? La, kilichobadilika ni karatasi. Lau uhalali wa kutoa roho ungetoka karatasini tu, ungekuwa wageuka kila wageukapo watawala. Cheti chajibu swali moja: je, watu wenzako wamekuruhusu? Hakijibu maswali mawili yaliyosalia: waua kwa sababu gani, na waua kwa namna gani?

Ama sababu, ziko tatu zitajwazo. Ya kwanza ni kula. Sisi Mashafii twajua kwamba fisi ameruhusiwa katika madhehebu yetu, lakini bweha, kwa kauli aliyoisahihisha Imamu Nawawi katika Minhaj, ni haramu. Basi mlango huo umefungwa. Ya pili ni kucha, mkia na ngozi vitakiwavyo kwa uganga. Mlango huu hauhitaji maneno mengi: aombaye bahati kwa mkia wa bweha amemwacha Aliye hai akategemea mzoga. Ya tatu ni kuondoa madhara, na hii ni sababu ya kweli. Lakini wanavyuoni wetu wamesema kwamba mwenye kushambulia huondolewa kwa lililo jepesi, kisha lililo zito baada yake. Atoshekaye kwa kelele hapigwi, na atoshekaye kwa fimbo hauawi. Kwa hiyo zizi la miiba lililofungwa vema magharibi, na banda la kuku lenye mlango, ndiyo daraja ya kwanza. Asiyejenga zizi kisha akatega sumu ameruka daraja zote.

Tena na aulize: ni bweha kweli? Bweha wa nchi zile, aitwaye bweha miraba, chakula chake kingi ni panya, wadudu, matunda ya mwitu na mizoga. Kuku humchukua, na pengine mwanambuzi mchanga. Lakini mara nyingi mwizi ni fisi, au mbwa wa jirani asiyefungwa, na bweha aja asubuhi kula masalio akaonekana yeye. Sisi hatumhukumu mtu pasipo ushahidi. Mnyama naye asihukumiwe kwa kuwa tu ameonekana. Ila bweha aliye na kichaa cha mbwa, aingiaye mjini mchana bila kuogopa watu, huyo ni hatari iliyo dhahiri. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara wameonekana wa namna hiyo si haba. Kumzuia huyo ni kulinda roho za watu, na aliyeumwa na akimbilie hospitali siku hiyo hiyo.

Ama namna, Mtume (s.a.w.) ametuamuru wema hata katika kuchinja, na amekataza kiumbe hai kufanywa shabaha. Mtego wa waya humshika mnyama mguu, akakaa usiku kucha akijitafuna. Sumu ni mbaya zaidi, kwani haichagui: hufa bweha, hufa mbwa wa jirani, hufa tai walao mzoga ule, na mtoto aweza kuigusa. Atiaye sumu hajui ni nani atakayemwua. Basi awezaje kusema ameua kwa haki? Hapa kanuni ya nchi na sharia ya dini zimekutana, na mwenye kuvunja moja amevunja zote mbili.

Ewe ndugu yangu, katika Sura hiyo hiyo Mwenyezi Mungu ataja kwamba atawajaribu waumini kwa windo lifikwalo na mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane amwogopaye kwa siri. Askari wa wanyamapori ni wachache, na pori ni kubwa. Mwindaji akiwa peke yake gizani, waya mkononi, hapo ndipo mtihani ulipo. Na anayeuona mkono ule si askari.

Wallahu aalam.